Sanduku la miche lenye kifuniko cha kioo: lilinunuliwa Keko, likafaa Njombe

Mwanzoni mwa Juni mwaka jana nilinunua, katika karakana moja ya useremala iliyopo Keko, sanduku la kuoteshea miche ambalo muuzaji wake analiita "kitalu cha kioo". Nilitajiwa shilingi 220,000, tukaelewana kwa 190,000, na jioni ileile likaletwa kwa kirikuu hadi nyumbani kwangu Tabata. Nililitumia Dar es Salaam kwa wiki tatu, kisha likatumika Njombe kwa msimu mzima wa baridi, kwa hiyo haya ni maelezo ya mtu aliyeliona likishindwa na akaliona pia likifanya kazi yake. Asiye na nafasi ya kusoma yote ajue hili kwanza: kwa mkazi wa jiji hili anayetaka kuotesha mboga uani, sanduku hili kama linavyouzwa halifai, kwa mwenye shamba au jamaa katika nyanda za juu zenye baridi linafaa sana, ilimradi pawepo mtu wa kulifungua asubuhi na kulifunga kabla joto la mchana halijatoka.

Kwa ambaye hajawahi kuliona, ni sanduku la mbao lenye kimo kifupi, ambalo ukuta wake wa nyuma ni mrefu kuliko wa mbele, na juu yake kuna fremu ya kioo iliyolala kwa mteremko na kufungwa kwa bawaba. Asili yake ni nchi za baridi. Mkulima wa bustani wa Uingereza hulitumia mwezi Februari na Machi, wakati ardhi ya wazi bado ni baridi mno, kusia mbegu wiki kadhaa mapema ili sakitu (umande ulioganda kwa baridi) ya mwisho inapopita awe tayari ana miche ya kupandikiza, badala ya kuwa ndiyo kwanza anatafuta mbegu. Halitumii umeme wala moto. Mwanga wa jua hupenya kioo na kuupasha udongo. Joto hilo hushindwa kutoka haraka, hasa kwa sababu upepo hauwezi kulipeperusha, na pia kwa sababu kioo hakiipitishi kirahisi ile miale ya joto isiyoonekana ambayo udongo huirudisha juu usiku. Kitu chenyewe, kwa maneno mengine, ni rahisi sana kukielewa, na ndiyo maana nilishangaa kukuta kwamba aliyelitengeneza langu alikuwa ameliiga umbo bila kuuliza kila sehemu ina kazi gani.

Useremala wenyewe sina ugomvi nao. Sanduku lina urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 60, nyuma sentimita 45 na mbele sentimita 30. Mbao ni za paini zilizotiwa dawa, zenye unene wa inchi moja, zimepigwa randa vizuri, na kona zake zimeungwa kwa skrubu na gundi, tofauti na kazi nyingi za barabarani ambazo msumari mmoja hubeba kila kitu. Fremu ya kifuniko imekaa sawasawa, haichezi, na kioo cha milimita 4 kimezungushiwa silikoni pande zote. Baada ya miezi zaidi ya mitatu ya jua, umande na kusafirishwa umbali wa takriban kilomita 700, hakuna kiungo kilichofumuka. Ningekuwa ninakagua kabati, ningeishia hapa na kumsifu fundi.

Tatizo ni kwamba alilitengeneza kama kabati kwelikweli. Chini aliweka sakafu ya plaiwudi. Sanduku la namna hii halitakiwi kuwa na sakafu, kwa sababu hukaa juu ya ardhi tupu ili joto ambalo ardhi imelihifadhi mchana lipande ndani usiku, na ili maji ya ziada yazame yaendako. Langu lilituamisha maji tangu siku ya pili, na baada ya wiki moja plaiwudi ilikuwa imeanza kuvimba. Ndani kote alipaka vanishi ya rangi ya kahawia iliyokoza, nzuri kuitazama, ilhali ukuta wa ndani ungepakwa rangi nyeupe ungerudisha mwanga kwenye miche ambayo upande mmoja wake hukosa jua. La tatu, hakuweka kitu chochote cha kushikilia kifuniko kikiwa wazi. Mita moja ya mraba ya kioo cha milimita 4 ina uzito wa kilo 10. Ukipiga hesabu ya kifuniko hiki pamoja na mbao zake unapata zaidi ya kilo 8, na kilo hizo zikikuangukia vidoleni kwa sababu umeegemeza kifuniko kwa kipande cha tofali, kama ilivyonitokea mimi Jumamosi ya kwanza, unajifunza umuhimu wa kijiti chenye ngazi, yaani chenye mikato ya kushikilia kifuniko katika vimo tofauti.

Halafu kuna karatasi ya maelekezo. Inakuja moja, imechapwa vizuri, na sentensi yake ya kwanza inamwamuru mnunuzi aelekeze uso wa kioo kusini. Maelekezo hayo ni sahihi kabisa kwa mtu wa London, ambaye jua lake la mchana huwa kusini mwaka mzima. Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na mwezi Juni jua letu la saa sita mchana lipo upande wa kaskazini, limeinama kiasi cha kutosha kwa kila mtu kuona kivuli chake kikianguka kuelekea kusini. Nikatii karatasi. Matokeo yake ukuta mrefu wa nyuma ukawa ndio uliosimama kati ya jua na miche, ukatupa kivuli kilichofunika zaidi ya theluthi moja ya trei katika saa ambayo sanduku lilipaswa kupokea mwanga mwingi zaidi. Niligundua kosa siku ya nne, nilipokuwa nikianika nguo na kuona kamba ya nguo ina jua na bustani yangu ina kivuli. Kwa nchi yetu yote, ambayo ipo kusini mwa ikweta, anayelitumia sanduku hili katika miezi ya kipupwe aelekeze kioo kaskazini. Karatasi hiyo haikutafsiriwa vibaya. Ilitafsiriwa vizuri kutoka mahali pengine, na hilo ni kosa gumu zaidi kuligundua.

Nilipoligeuza, ndipo shida kubwa zaidi ilipojitokeza. Nilikuwa nimesia trei nne: nyanya, pilipili hoho, kabichi na letusi, na nikaweka kipimajoto ndani. Asubuhi moja isiyo na mawingu, hewa ya nje ikiwa nyuzijoto 28, kipimajoto kilisoma 41 saa nne na 48 saa sita, kifuniko kikiwa kimefungwa kama karatasi ilivyoagiza "hadi miche itakapochomoza". Kabichi zilikuwa zimeshachomoza. Jioni zilikuwa zimelala, na kesho yake hazikuinuka. Letusi haikuota hata mbegu moja, na hapo nisiilaumu mbegu, kwa kuwa letusi ikikutana na udongo wenye joto la kuzidi nyuzijoto 30 hujifunga na kukataa kuota hata kama ina afya. Wakulima wa bustani wa hapa mjini wanaoijua tabia hiyo huloweka mbegu, huziweka kwenye friji kwa siku mbili au tatu, ndipo huzisia kivulini. Maana yake ni kwamba mbegu ile ilihitaji kinyume kabisa cha kile nilichokuwa nimekilipia shilingi 190,000.

Na usiku je? Usiku wa Juni hapa Tabata hewa ilishuka hadi nyuzijoto 20, na ndani ya sanduku ikawa 22. Nyuzi mbili hizo hazikuombwa na mmea wowote. Mbegu za nyanya katika udongo wa nyuzijoto 25 huota kwa siku kama sita; katika nyuzijoto 15 huchukua kama wiki mbili; katika nyuzijoto 10 zinaweza kukaa ardhini zaidi ya mwezi mzima kabla hazijaonekana, zikipona kuoza. Trei yangu ya nyanya iliyobaki nje, chini ya mwembe, iliota siku ya saba bila msaada wa kioo. Kipupwe cha Dar es Salaam ni majira ya watu kuvaa sweta ndani ya daladala saa kumi na mbili asubuhi na kulalamikia upepo wa kusi, lakini kwa mbegu ya nyanya hiyo bado ni hali ya hewa nzuri mno. Maadui wa miche katika mji huu ni jua la saa saba, mvua za masika zinazofukua mbegu, kuku wa jirani, konokono, na sisimizi wanaozihamisha mbegu za letusi moja baada ya nyingine mpaka trei inabaki udongo mtupu. Dhidi ya kuku sanduku lilifaa. Dhidi ya mengine, neti ya kivuli juu ya fito nne na meza iliyoinuliwa kutoka ardhini ingefanya kazi hiyo kwa sehemu ndogo ya bei.

Nilimpigia simu muuzaji. Alipokea mara ya kwanza, jambo ambalo kwa wateja wa mafundi si dogo, na alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema, "Dada yangu, hilo sanduku ulitakiwa uwe unalifungua." Nikamsomea sentensi ya karatasi yake. Akanyamaza kidogo, akaniuliza kama nina ndugu mikoani.

Ninaye. Mama mdogo anaishi Njombe, katika mji ulio kwenye mwinuko unaokaribia mita 2,000, ambako Juni na Julai watu huamka wakakuta nyasi za bondeni zimegeuka nyeupe kwa sakitu. Kila mwaka katika miezi hiyo husia kabichi na nyanya kwa ajili ya vinyungu, yaani yale matuta ya bondeni yanayolimwa kiangazi kwa unyevu uliobaki ardhini, na kila mwaka husimulia kwa simu jinsi miche inavyochelewa. Nikang'oa sakafu ya plaiwudi, nikapaka chokaa ndani, nikakitoa kioo na kukifunga katikati ya mablanketi mawili, na sanduku likapanda basi pale Mbezi kwa nauli ya mzigo ya shilingi 30,000. Fundi alikuwa ameniambia kwamba mbao zake hutoka Mafinga; basi mbao zile zilishuka hadi pwani, zikageuzwa sanduku, zikapita tena Mafinga zikiwa safarini kurudi kwenye baridi.

Nilikwenda naye mwenyewe huyo msafiri wa mbao, nikakaa huko siku tisa za kwanza, na baadaye nikawa nikipokea taarifa za kipimajoto kwa simu karibu kila siku. Kosa la kwanza la Njombe lilikuwa letu, halikuwa la fundi. Tuliliweka sanduku bondeni, kando ya vinyungu, kwa sababu maji yapo karibu. Hewa baridi ni nzito, nayo usiku huteremka kama maji na kujikusanya mahali palipo chini kuliko kwingine, kwa hiyo tulikuwa tumelipeleka kitanda cha baridi yenyewe. Asubuhi ya pili kipimajoto cha nje kilisoma nyuzijoto 2 na cha ndani 6. Tukalihamishia juu, ubavuni mwa jiko la matofali, kioo kikitazama kaskazini na ukuta wa jiko ukiwa nyuma yake, na usiku uliofuata nje ilikuwa 5 na ndani 10. Mama mdogo akaongeza madumu mawili ya lita tano yaliyojaa maji, yakiwa yamepakwa masizi, akayasimamisha ukutani mwa nyuma. Maji hupata joto polepole mchana na kulirudisha polepole usiku. Juu ya kioo akatandika magunia na blanketi kuukuu kila jioni. Kwa mpangilio huo, katika usiku mbaya kuliko wote tuliopima, ndani hapakushuka chini ya nyuzijoto 9.

Tulisia tarehe 6 Julai, nusu ya mbegu ndani ya sanduku na nusu kwenye tuta la kawaida la wazi lililofunikwa nyasi, kwa namna ambayo mama mdogo amekuwa akifanya siku zote. Kabichi za sandukuni zilichomoza siku ya sita, za nje siku ya kumi na tatu. Nyanya za sandukuni zilionekana siku ya kumi na mbili. Za nje zilianza kujitokeza katika wiki ya nne, chache, moja hapa na nyingine kule, na majani yake yakiwa na rangi ya zambarau upande wa chini, ambayo ni dalili ya kawaida ya mizizi iliyopigwa na baridi hata ikashindwa kufyonza fosforasi iliyomo kwenye udongo. Kufikia tarehe 25 Agosti nyanya za sandukuni zilikuwa na majani matano ya kweli na shina lenye unene wa penseli, na zilikuwa tayari kwenda bondeni. Za nje zilikuwa na majani mawili. Hiyo ndiyo tofauti ninayoilipia fedha, na kwa kipimo hicho sanduku lilitimiza ahadi yake.

Pilipili hoho ni habari nyingine. Zilichukua siku ishirini na mbili, na karibu nusu hazikuota kabisa. Hoho hutaka udongo wenye joto la nyuzijoto 18 kwenda juu, na sanduku lisilo na chanzo chake cha joto haliwezi kuutoa usiku wa Julai wa Njombe. Nasikia wapo wanaochimba shimo chini ya sanduku na kulijaza samadi mbichi, ambayo inapooza hutoa joto lake yenyewe, kisha huweka udongo juu yake; ni njia ya kale na inaeleweka, lakini hatukuijaribu, na sitaisifia kwa niaba ya muuzaji.

Jambo ambalo lingepaswa kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya maelekezo ni saa za kufungua. Mama mdogo alizoea kuinua kifuniko kwa kijiti saa tatu asubuhi, kukiinua zaidi saa tano, na kukifunga saa kumi jioni wakati ndani bado kuna joto la kuhifadhi. Jumapili moja alikwenda kanisani na ibada ikarefuka. Aliporudi saa saba, siku ambayo watu nje walikuwa wamevaa makoti, kipimajoto cha ndani kilisoma 43, na safu yote ya kabichi iliyokuwa karibu na kioo ilikuwa imeungua ncha. Jua la nyanda za juu ni kali hata hewa ikiwa baridi, na kioo hakijui kwamba nje kuna makoti. Alinipigia simu jioni hiyo akasema, "Mwanangu, kumbe hiki kitu kina saa zake, kama ng'ombe wa maziwa." Sijapata maelezo bora zaidi ya namna ya kulitumia. Mwenye ajira ya kuondoka alfajiri na kurudi usiku, na asiye na mtu nyumbani, asilinunue. Zipo duniani silinda zenye nta ndani, ambazo nta ikipata joto hutanuka na kusukuma mtaimbo mdogo unaoinua kifuniko bila umeme, na kifaa hicho kingeondoa nusu ya usumbufu. Nilizunguka maduka kadhaa ya pembejeo Kariakoo nikikiulizia, nikaambulia kutazamwa.

Awamu ya pili ya mbegu, iliyosiwa mwishoni mwa Julai, ilipata kinyausi. Miche ya kona moja ililegea shingo usawa wa udongo, ikaanguka, na ndani ya siku tatu trei nzima ikawa imekwenda. Huo ni ugonjwa wa ukungu unaopenda unyevu na hewa iliyotulia, na sanduku lililofungwa ni makao yake ya kifahari. Tulipochunguza tukabaini kwamba kijana aliyekuwa akisaidia kumwagilia alikuwa akifanya hivyo jioni, muda mfupi kabla ya kufunga. Tukahamishia umwagiliaji asubuhi, kwa maji machache, na kifuniko kikaachwa na upenyo wa vidole viwili hata siku za mawingu. Ugonjwa haukurudi. Siku kumi za mwisho kabla ya kupandikiza, kifuniko kiliachwa wazi mchana kutwa, na katika nne za mwisho hakikufungwa hata usiku isipokuwa palipotishia sakitu, kwa maana mche uliolelewa ndani ukitolewa ghafla hudumaa, na faida yote ya wiki za mwanzo hupotea hapo.

Kuhusu ukubwa, mnunuzi asidanganyike na lile neno "mkulima" linalotumiwa na muuzaji kila baada ya sentensi mbili. Ndani ya sanduku hukaa trei nne za sentimita 54 kwa 28. Zikiwa za matundu 128, unapata miche 512. Kabichi zikipandwa kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 45, miche hiyo hujaza eneo la mita za mraba zisizofika 140. Ekari moja hudai karibu miche 15,000, maana yake masanduku 30 yaliyopangwa mstari mmoja kama majeneza. Hiki ni kifaa cha bustani ya nyumbani na cha vinyungu vichache. Mwenye eneo kubwa ajenge handaki la fito na nailoni (fito zilizopindwa juu ya tuta na kufunikwa nailoni), ambalo kwa shilingi 40,000 hivi litafunika tuta refu mara kadhaa. Nailoni ya kawaida ina udhaifu wake: huruhusu joto la usiku kutoka kwa urahisi kuliko kioo, upepo huichana, na jua huifanya iwe kavu na kupasuka mapema ikiwa haikutengenezwa kustahimili miale yake. Jirani wa mama mdogo analo handaki kama hilo, na asubuhi tulizolinganisha lake lilikuwa chini ya letu kwa nyuzi mbili au tatu. Kwa idadi ya miche aliyonayo, hizo nyuzi hazimkoseshi usingizi.

Kioo chenyewe kinanitia wasiwasi. Hakijavunjika, lakini kipo umbali wa hatua nne kutoka mahali watoto wanapochezea mpira. Polikaboneti ya kuta mbili ni nyepesi zaidi, hushika joto vizuri zaidi, na ikipigwa na mpira haimwagi vipande kwenye udongo ambao baadaye mtu ataupekua kwa mikono mitupu. Muuzaji aliniambia anaweza kuiweka kwa nyongeza ya shilingi 60,000. Ningekuwa na watoto wadogo nyumbani ningeilipa.

Mwezi Septemba nilirudi Keko kuagiza sanduku la pili, safari hii kwa ajili ya yule jirani wa Njombe, ambaye pamoja na kusifia handaki lake alikuwa ameanza kuja kutazama nyanya za mama mdogo kila asubuhi akisingizia kuomba moto. Tulikubaliana shilingi 165,000: bila sakafu, rangi nyeupe ndani, kifuniko kilichogawanywa vipande viwili ili kila kimoja kiinuliwe kwa mkono mmoja, mnyororo wa kukizuia kisipinduke nyuma, na kijiti chenye ngazi tano. Fundi alichora yote kwenye kipande cha mbao, akauliza maswali ya maana, na akalikamilisha siku mbili kabla ya tarehe aliyoahidi. Nilipokwenda kulichukua alinipa na karatasi ya maelekezo. Nikamwonesha ile sentensi ya kwanza. Akacheka, akachukua kalamu sikioni, akakata "kusini", akaandika "kaskazini" juu yake kwa mwandiko mzuri, akanikabidhi. Rundo lililobaki mezani, la karatasi kama hamsini, hakuligusa.